Zimerudi kilo kumi na tano: ninavyozipunguza mara ya pili

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na daftari langu la vipimo nimelianza 2014. Wateja wote wamo humo: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni. Ukurasa wa mwisho ni wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu. Februari 2021: kiuno inchi 41, kilo 91. Septemba 2021: kiuno 34, kilo 73. Desemba mwaka huohuo: 34 na nusu. Mei 2022: 36. Januari 2023: 38. Baada ya hapo ukurasa ni mweupe mwaka mzima na ushee, maana nilikwisha hamia kwenye madera, na dera halina kiuno. Aprili 2024, wiki moja baada ya Idi, nikajifungia ndani na futi yangu. Arobaini. Mzani wa pale stendi ukasema kilo 88.

Naandika kwa ajili yako uliyepungua, ukasifiwa, ukagawa nguo zako kubwa, halafu ukajikuta unazitamani tena. Anayeanza mara ya kwanza ataokota mawili matatu, lakini shida yake na yetu si moja. Sisi kupungua tunakujua. Kilichotushinda ni miezi iliyofuata.

Kwanza, usianze Jumatatu

Najua unavyojisikia. Umejipima, umeumia, na sasa unataka kesho uamkie maji ya moto na ndimu, mayai mawili ya kuchemsha na matango. Nilifanya hivyo 2021 na ikafanya kazi, ndiyo maana inashawishi. Miezi saba sikugusa wali, ugali wala chapati. Harusi ya binti ya kaka yangu ilikuwa Septemba, na sare nilijishonea mwenyewe, imebana kiunoni, watu wakageuka. Usiku uleule wa harusi nilikula biriani sahani mbili. Kosa halikuwa biriani. Nilijiambia "nimemaliza", kana kwamba kuna siku mwili unakabidhiwa kama nguo ya mteja, umelipwa, basi.

Kwa hiyo mara hii wiki mbili za kwanza usipunguze kitu. Kula kama unavyokula, ila andika. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi na nani alikupa. Hilo la nani alikupa usiliruke. Mimi ndilo lililonifumbua macho, kwa sababu karibu nusu ya niliyoyaandika sikuyapika wala sikuyanunua. Wateja huja na kachori. Wifi yangu wa jirani hupitisha bakuli la mihogo ya nazi kila Alhamisi. Mwanangu mdogo huacha robo ya sahani, na mimi nilifundishwa kuwa chakula hakimwagwi.

Ukimaliza wiki mbili, kaa na daftari ujiulize swali moja: kilo hizi ziliingilia mlango gani? Yangu nilikuta milango mitatu.

Wa kwanza ni chai. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, basi ni gramu 48 kwa siku, karibu kalori 190, kabla sijatia kitu mdomoni cha kutafuna.

Wa pili ni mafuta ya kupikia, na huu sikuutegemea kabisa. Nyumbani tuko watano na tulikuwa tunamaliza lita mbili kwa wiki. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Zigawe lita mbili kwa watu watano kwa siku saba: kila mmoja wetu alikuwa anakunywa karibu kalori 470 za mafuta kila siku, na hatukuwa tunajiona ni watu wa kula vya mafuta. Piga hesabu ya kwako leo hii. Hata kama huna mzani wa jikoni, tarehe ya kununua dumu unaikumbuka.

Wa tatu utacheka. Mwaka 2022 nilifunga mota kwenye cherehani. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga pedali saa saba, saa nane kwa siku. Mota ikaja, kazi ikaongezeka, miguu ikapumzika. Sijaitoa, siwezi, sare za harusi hazingoji. Lakini lazima kitu kingine kikae mahali pa zile pedali, na nitakieleza mbele.

Mwili wako haukusahau

Kuna jambo laiti ningeambiwa 2021. Kuna watafiti Marekani, akiongoza Kevin Hall, walifuatilia watu 14 waliokuwa kwenye shindano la televisheni la kupunguza uzito. Matokeo yalitoka 2016. Miaka sita baada ya shindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na bado miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa wao. Australia nako, 2011, walipima homoni za njaa kwa watu waliopungua kwa haraka. Mwaka mzima baadaye homoni zile zilikuwa bado zinawaambia wana njaa kuliko kabla hawajapungua.

Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kitako pale dukani. Miaka mitatu nilikuwa najiita mlafi.

Ila usiyatumie kama hati ya kujiachia. Maana yake kwa vitendo ni mbili. Moja, mwili wa kilo 73 haushonwi kwa mita zilezile za mwili wa kilo 91. Sahani iliyokuwa inakutosha ukiwa mnene itakunenepesha ukiwa umepungua, na haitakuwa ya muda, itakuwa hivyo mwaka ujao na ule mwingine. Mbili, ukijishindisha njaa kali unavuta kamba na mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Shuka polepole. Mimi nimekubali robo kilo kwa wiki, na kuna wiki haishuki kabisa.

Kuhusu lengo: futa ile namba yako nzuri ya zamani. Ulifika kule kwa njia ambayo hukuweza kuishi nayo. Chukua asilimia tano ya uzito wako wa leo. Kwa kilo 88 ni kilo nne na kitu. Inaonekana kidogo, lakini kupungua kati ya asilimia tano na kumi tayari kunasaidia shinikizo la damu na sukari. Nilifika 84 Agosti 2024.

Halafu nikasimama. Hapa ndipo watu wanaponishangaa. Wiki nane sikutaka kupungua hata nusu kilo, nilitaka nibaki 84 tu. Nikala kidogo zaidi ya wakati wa kushuka, kidogo chini ya zamani, nikaenda misiba miwili na kitchen party moja, nikarudi bado ni 84. Nilikuwa najifunza kazi ambayo 2021 sikuwahi kuifanya hata siku moja. Oktoba nikaanza kushuka tena, Februari nikafika 81, nikasimama tena.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Ninapima viuno vya watu kila siku, basi niamini. Mteja akiona futi, anavuta pumzi. Kila mmoja, wembamba kwa wanene. Nawaachia, kisha nawauliza jambo la watoto, wakijibu ndipo nasoma namba.

Wewe huna wa kukuuliza, kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kwa vidole ubavu wa chini kabisa, kisha sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati yake ndipo pa kupimia, siyo pale unapofungia sketi. Toa pumzi kawaida, futi iguse ngozi bila kuikaba, isome. Asubuhi, kabla ya chai. Kwa mwanamke wataalamu wa afya huanza kuonya kiuno kikivuka sentimita 80, na kikifika 88, yaani kama inchi 35, wanakazia. Kwa mwanamume ni 94 na 102.

Mzani nenda mara moja kwa wiki, mzani uleule, siku ileile. Ukipanda kila siku utachanganyikiwa. Maji, chumvi, hedhi na choo vinaweza kukupandisha kilo nzima na kukushusha bila mafuta hata ya kijiko kusogea. Na zile kilo mbili tatu za wiki ya kwanza ya kuacha wanga, ambazo mimi nilizitangazia mtaa mzima, nyingi yake ni maji.

Kisha shona sketi. Kama si fundi, tafuta fundi, au tafuta nguo yoyote isiyovutika: sketi ya kitambaa kigumu, ina zipu, haina lastiki. Iwe inakukaa sawasawa kwa uzito wa leo, siyo wa ndoto. Mimi yangu ni ya khaki, nimeikata kwenye 37 bila kuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ili nisije nikaiachia. Naivaa kila Ijumaa. Dera huvaa siku zilizobaki, silichukii dera, joto la Tanga mnalijua. Lakini siku moja kwa wiki kiuno changu kinapata shahidi.

Zipu ikikwama, sianzi mfungo wala siongezi ndimu. Narudi kwenye daftari la kuandika kwa siku kumi na nne. Basi. Mara nyingi nikianza tu kuandika, nauona mlango uliofunguka. Mara ya mwisho ulikuwa karanga. Nilikuwa nafungua kifuko mezani asubuhi, na jioni nakuta kimeisha, na mashahidi ni cherehani tu.

Jikoni

Sipiki vyungu viwili. Nilipika viwili 2021, changu na chao, na baba watoto akaanza kuniuliza kama naumwa. Chungu ni kimoja, kinachobadilika ni namna ninavyopakua. Nusu ya sahani mboga, robo kitoweo, robo ugali au wali. Ugali wangu naupima kwa kibakuli kidogo cha uji cha mwanangu. Bada, ule ugali wa muhogo, sijaliacha, mimi Mdigo kwa mama, sitaacha bada kwa ajili ya sketi.

Mafuta tumetoka lita mbili hadi lita moja na robo kwa wiki, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wiki ya kwanza. Siri ni kuacha kumimina kutoka kwenye dumu. Mimina kwa kijiko cha mezani, kila kijiko ni kama kalori 120. Samaki tunapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili, tunachoma. Mchicha unapikwa kwa maji yake na nyanya. Mlenda hauhitaji mafuta toka asili. Nazi bado tunakuna, ila kwenye maharage naweka tui la pili na la tatu, na kasimile, lile tui zito la kwanza, naitia kidogo mwishoni ili harufu ibaki.

Kitoweo usikibane. Maharage, dagaa, mayai, mtindi, samaki. Ndivyo vinavyokushikilia hadi jioni, na vinasaidia misuli isiondoke pamoja na mafuta. Mwaka ule wa matango nilipungua hadi mikono, nikawa nachoka kukata kitambaa cha suti.

Sukari kwenye chai niliishusha nusu kijiko kila wiki mbili. Sasa ni kijiko kimoja, vikombe vitatu. Ukiikata ghafla utaichukia chai, na mtu wa Pwani akiichukia chai hakai nayo wiki.

Kuhusu miguu

Kilichokaa mahali pa pedali ni njia ya kwenda Raskazone. Natoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri, natembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, nikiiona bahari nageuka. Saa moja kasoro, siku tano. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na watu waliopungua wakadumu mara nyingi huwa upande ule wa juu. Kule Marekani kuna daftari la watu wa namna hiyo, lilianzishwa 1994, na wengi waliomo wanasema wanajishughulisha kama saa moja kwa siku. Kutembea peke yake kulinipunguzia kidogo sana. Kazi yake kubwa nimeiona wakati wa kusimama, siyo wakati wa kushuka.

Mara mbili kwa wiki naongeza kukaa na kusimama kwenye benchi la wateja bila kushika, kumi mara tatu, na kunyanyua ndoo za maji za lita kumi. Binti yangu hunihesabia huku akicheka.

Maneno ya watu, na mwezi wa Ramadhani

Ukinenepa kwetu unaambiwa umenawiri. Ukikonda unaulizwa nani anakutesa. Mwaka 2021 shangazi alinivuta pembeni msibani: "Mwanangu, ndoa ina nini? Au umepima damu?" Nilipofika nyumbani nilikula ili watu wanyamaze, naomba niseme ukweli. Safari hii nilimwendea mwenyewe kabla hajaniita. Nikamwambia, "Shangazi, sukari inatembea kwenye ukoo wetu, nami naikimbia." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewajibu wengine.

Na ukialikwa, usikatae sahani. Kukataa kunaanzisha mjadala, na mwisho wa mjadala unapakuliwa mara mbili. Pokea, anza na nyama na kachumbari, ule taratibu, wali ubaki. Mwenyeji anaangalia kama umekula, haangalii kama umemaliza. Ukimsifia pilau yake kwa sauti, huna deni.

Ramadhani ni habari nyingine. Ramadhani ya 2024 niliongeza kilo mbili na nusu huku nimefunga mwezi mzima. Magimbi, mihogo, viazi vitamu, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, vyote meza moja, kisha daku. Mwaka huu niliweka lengo la kutoongezeka tu, bila hata ndoto ya kupungua. Tende na maji, uji bakuli moja, nikaswali Magharibi kwanza, kisha kitu kimoja cha wanga kwa siku: leo magimbi, kesho tambi. Nilitoka na kilo 82, nimepanda moja, na nikaihesabu kuwa ushindi.

Vya kuuliza hospitali

Kabla hujajilaumu, kapime shinikizo la damu, sukari, na umwulize daktari kuhusu tezi ya shingo. Orodhesha dawa zako zote. Dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, huweza kuongeza uzito. Mimi nilikuwa kwenye hiyo sindano. Tulikaa na nesi tukabadilisha njia. Usiache mwenyewe kimyakimya, utarudi kwangu kupimwa gauni la mjamzito. Na kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge, usipunguze chakula kabla dozi haijaangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Chai za kupunguza tumbo niachie niseme kwa ukali. Niliinunua moja 2023, kwa pesa ya mishono minne ya blauzi. Nikasoma pakiti vizuri baada ya siku tatu za chooni: sanamaki. Sanamaki ileile ya bibi, ya mtu aliyefunga choo. Inatoa maji na kinyesi, mafuta yanabaki yamekaa yanakutazama.

Wateja wenye uwezo wananiuliza siku hizi habari za sindano za kupunguza mwili, zile za semaglutidi. Ni dawa ya kweli na inafanya kazi, lakini ni ya daktari, si ya kuagiziwa na shoga mtandaoni. Na jueni kwamba katika utafiti uliotolewa 2022, watu walioiacha walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka mmoja. Hata wao wanakuja kukaa kwenye benchi letu hili.

Leo, mwezi wa kumi na nne, niko 81, kiuno 37. Ijumaa iliyopita zipu ya khaki ilikwama kidole kimoja kabla ya juu. Jumamosi nikafungua daftari, leo ni siku ya tano ya kuandika. Chai vikombe vitatu, kijiko kimoja kimoja. Saa nne bibi harusi alileta kachori sita pamoja na kitambaa cha sare ishirini na mbili. Nimekula mbili, nne nimempa kijana wa kudarizi. Nimeandika na jina la bibi harusi pembeni, pale pa nani alikupa.